Zahanati Iliyongoja Mkasi

Msiniitikie. Hadithi hii haitaki kuitikiwa. Watu wake waliitikia mno maishani mwao, na ndiyo maana yakawapata yaliyowapata. Nyamazeni tu msikilize, na mkiona imefanana na nchi mnayoijua, kosa ni la hiyo nchi.

Nchi yetu ina sheria moja nzuri sana. Nzuri, nasema, kwa sababu hata sisi tulioishia kusoma maandishi ya kwenye magunia tuliielewa siku ile ile ilipotangazwa. Kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Basi. Ukikiona, umeona vibaya. Ukikigusa, umeingilia shughuli za serikali. Kwenye mto wetu kuna daraja la zege, lina vyuma vya kushikilia pande zote mbili, limepakwa rangi nyeupe na nyekundu. Wakati wa mambo haya ulikuwa mwaka wa tatu tangu likamilike, na halijazinduliwa. Sisi tulivuka kwa chini, maji kifuani, viatu mkononi, tukilitazama kwa juu na kulisifu. Siku moja mbuzi wa mtu alipita juu yake akafika ng'ambo mkavu. Mwenye mbuzi aliitwa ofisini, akajieleza siku mbili.

Sheria hiyo inasimamiwa na Wizara ya Uzinduzi, yenye Waziri, manaibu wawili na ghala la mikasi. Zamani tulikuwa na Wizara ya Afya pia. Nalikumbuka bango lake, lilikuwa la kijani.

Mji wenyewe unaitwa Makofini. Una stendi, soko, mashine ya kusaga, makanisa mawili, msikiti mmoja, na zahanati. Mnaoishi miji ya namna hii mnajua kwamba cha mwisho hapo ndicho kinachotaka maelezo.

*

Zahanati ya Familia ya Makofini ilijengwa ikakamilika kabisa. Bango lilisema itatibu babu hadi kitukuu chini ya paa moja. Ilikuwa na chumba cha tabibu, chumba cha sindano, chumba cha kujifungulia na chumba cha dawa. Vitanda vilikuwa vipya, magodoro bado na nailoni yake. Kabati la vioo lilijaa dawa mpaka juu. Na kwenye meza ya mninga, katikati ya chumba cha sindano, ilikaa mashine ya mvuke ya watu wa pumu: unavaa kikombe usoni, inanguruma, unavuta, kifua kinafunguka. Umeme ulikuwapo. Maji yalikuwapo. Kilichokuwa hakipo ni Waziri.

Kwa hiyo mlango ulifungwa kufuli, na mbele yake ukakingwa utepe mwekundu kutoka nguzo hadi nguzo. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa Bwana Kasiani Ndomba, Afisa Uzinduzi wa Wilaya, mtu nadhifu, mwenye sauti ya kipaza sauti hata akiomba chumvi.

Zahanati ya zamani ilikuwa imekwisha kubomolewa ili isiifanye mpya ionekane ya pili. Basi Tabibu Desderi na Sista Pelagia walifanyia kazi uani, chini ya turubai, hatua kumi kutoka mlangoni. Tabibu alikuwa na sanduku la bati lenye masalia ya dawa za zamani. Sista alikuwa na daftari. Lakini angewezaje kuandika kwamba wagonjwa wametibiwa kwenye zahanati isiyokuwapo? Bwana Ndomba akatoa mwongozo, na wagonjwa wote wakaandikwa kama "wananchi waliofika kutazama jengo". Mwisho wa mwaka mji wetu ulipewa cheti. Watu elfu nne na ushee walikuwa wamefika kulitazama jengo, wengine wakibebwa kwa machela kwa shauku, na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Kila Ijumaa Bwana Ndomba alikuja kumfungulia Sista Pelagia afute vumbi, maana kufuta vumbi si kutumia. Sista aliinama, akapita chini ya utepe na kitambaa chake. Alikuwa amefuma vitambaa kwa mkono wake mwenyewe, vyeupe vyenye ua katikati, akafunika kabati na mashine. Ukichungulia dirishani ulipata hamu ya kuugua.

*

Sasa nimlete Sikudhani.

Sikudhani alikuwa mke wa fundi Mashauri, seremala aliyetengeneza milango yote saba ya zahanati na ile meza ya mninga. Yeye mwenyewe alisimamia mashine ya kusaga ya ushirika. Alipanda ngazi, akamimina mahindi, akashuka, akakinga unga, akafunga gunia. Miaka kumi na tisa. Hakuna ugali ulioliwa Makofini ambao haukupita kwanza mapafuni mwake. Jioni alitoka mweupe mpaka kwenye kope, na kifua chake kikaanza kupiga filimbi, mwanzoni wakati wa baridi tu, halafu mwaka mzima. Alilala ameketi, mgongo ukutani. Alichokuwa anakitamani duniani, na alikuwa akikisema wazi foleni nzima ikisikia, ni kulala chali kama watu.

Alikuwa na ulimi. Mtu akileta debe lenye mchanga, alimwuliza, "Shemeji, umeleta mahindi au umeleta kiwanja?" Tulimpenda, na tulipeta mahindi vizuri kwa kumwogopa.

Mtauliza kwa nini hakwenda hospitali ya wilaya. Alikwenda. Alivuka mto kwa chini, kifua kikipiga filimbi juu ya maji, akafika dirishani. Karani akamwuliza anatoka wapi.

"Makofini."

Karani akafungua kitabu. "Mama, Makofini mna zahanati mpya. Mna mashine ambayo sisi hatuna. Lete barua ya rufaa yenye muhuri wa zahanati yenu."

Muhuri ulikuwa ndani ya zahanati, kwenye droo, haujatolewa kwenye karatasi yake. Na duka la dawa la stendi lilikuwa limefungwa kwa amri, kwa sababu kuuza dawa karibu na zahanati ya serikali kulionekana ni utovu wa adabu.

*

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, kifua kilimbana akiwa juu ya ngazi ya mashine. Mashauri aliitwa kutoka karakana yake. Alimpakia mkewe kwenye mkokoteni aliobebea mbao, akausukuma mpaka zahanati, nasi nyuma yake. Tulisema ni bahati, maana ilikuwa Ijumaa. Mlango ulikuwa wazi. Sista Pelagia alikuwa ndani anafuta vumbi, na Bwana Ndomba amesimama kizingitini, ufunguo kidoleni.

"Mheshimiwa," Mashauri alisema, "mke wangu hapumui. Naomba ile mashine. Dakika kumi."

"Mashine ipi?"

"Ile pale mezani. Meza nimeitengeneza mwenyewe."

Bwana Ndomba aligeuza shingo, akatazama moja kwa moja mahali penyewe. "Fundi, meza naiona. Ni nzuri. Hongera."

Tabibu Desderi alisogea. Alikuwa mtu wa kusema polepole, kama anayeogopa kuyaamsha maneno yake. "Bwana Ndomba, nailoni tutaitoa kwa uangalifu, tukimaliza tutairudisha. Hakuna atakayejua."

"Tabibu, wewe ni msomi. Sitaki kukusikia ukizungumza kama mvuvi haramu. Utaizindua kwa mamlaka ya nani? Na Mheshimiwa Waziri akija, atazindua nini? Mashine iliyokwisha kutumika? Utampa mgeni makombo?"

Sista Pelagia alitoka mpaka kwenye utepe, kitambaa mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka mlishike. Aliinama kwa Sikudhani, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, hata wewe nyumbani una kabati. Una vikombe vya wageni. Umewahi kuvinywea chai?"

Sikudhani aliinua kidole, tumngoje. Tulimngoja akikusanya pumzi, moja, mbili, tatu.

"Nikikabwa na kiu," alisema, "navunja kabati."

Tulicheka. Hata Bwana Ndomba alicheka. Lakini niwaambie ukweli, kimoyomoyo tulikuwa upande wa Sista. Nani kwetu hana kabati la vikombe? Nani hajakaa kwenye kochi lenye nailoni mpaka mapaja yakagandia? Mama yangu alikufa akiwa na seti ya vikombe sita ambayo hakuwahi kuinywea hata maji. Ilinywewa kwenye matanga yake, na wageni wakaisifu. Sheria ya nchi yetu haikutoka hewani. Waliitoa sebuleni kwetu.

Tabibu Desderi aliacha kubishana. Alirudi chini ya turubai, akafungua sanduku la bati, akamchoma Sikudhani sindano pale pale juu ya mkokoteni. Baada ya robo saa filimbi ikapungua, akaomba maji.

"Zimebaki mbili," Tabibu alimnong'oneza Mashauri.

Bwana Ndomba alikuwa na masikio mazuri. Lakini kwa wakati ule alikuwa anamtazama Sikudhani, kichwa upande, kama mtu anayechagua jogoo sokoni.

"Huyu mama," alisema, "anaumwa vizuri sana. Anaumwa kwa sauti."

*

Barua ilikuja Jumatatu, na nembo juu. Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi angefika Makofini tarehe ishirini na moja, saa tatu kamili asubuhi. Sikudhani alikuwa ameteuliwa kuwa Mgonjwa wa Mfano. Baada ya utepe kukatwa angeingizwa ndani, angevalishwa kikombe cha mashine mbele ya kamera, angepona, kisha angeshukuru.

Bwana Ndomba alikuja mwenyewe kwenye turubai kuyafafanua masharti.

"Kuanzia leo mama asitibiwe," alimwambia Tabibu.

"Zimebaki siku kumi na mbili."

"Ndiyo maana nakuhimiza. Unajua wewe, mgonjwa akipona kabla ya wakati ametuhujumu. Waziri atoke makao makuu, barabara yote ile, aje kukuta mtu mzima? Na zile sindano mbili nitazihifadhi ofisini kwangu. Si kwamba sikuamini. Nakuepusha na majaribu."

Tabibu Desderi alizitoa kwenye sanduku, akampa. Alimpa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

Msidhani Mashauri alikasirika. Alifurahi. Alikwenda nyumbani na barua ameikunjua, hakutaka iwe na mikunjo.

"Wewe wa kwanza, Siku. Kabla ya mtu yeyote. Nchi nzima itakuona unapumua."

Sikudhani alikuwa anachambua mboga, mgongo ukutani. "Soma tena hapo kwenye tarehe. Ni siku kumi na mbili."

"Zitapita."

"Kwako wewe unayezihesabu kwa kula na kulala. Mimi nazihesabu kwa pumzi, moja moja zinavyoingia na kutoka."

"Ukikataa atapewa Mama Kahabi. Amekwisha kuomba."

"Mama Kahabi ana kidonda cha mguu. Mashine ya kifua atawekewa wapi?"

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Halafu akasema, na hili Mashauri alituambia baadaye kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka, lakini naikumbuka: "Sawa. Nikitoka humo kitu cha kwanza nitalala chali. Usiniamshe hata kwa moto."

Ni kweli Mama Kahabi alikuwa ameomba. Alikwenda kwa Bwana Ndomba akainua kanga yake mbele ya watu. "Changu mimi kinaonekana," alisema. "Kifua chake nani amekiona?" Alijibiwa kwamba atawekwa kwenye akiba.

Mazoezi yalifanyika mara tatu, mbele ya utepe. Mwalimu wa kwaya alicheza nafasi ya Waziri. Kiti cha plastiki kilicheza nafasi ya mashine. Sikudhani alipewa maneno ya kusema, yameandikwa kwenye kadi.

"Mheshimiwa, kwa mara ya kwanza napumua," alisoma. Akaigeuza kadi, akaona nyuma hamna kitu. "Na hii miaka arobaini na nne nilikuwa nafanya nini?"

"Mama, soma tu."

"Niseme napumua kabla ya kupumua au baada?"

"Ratiba inasema saa nne na dakika kumi," Bwana Ndomba alisema. "Utapumua saa nne na dakika kumi."

"Na kifua kikichelewa?"

"Serikali haichelewi."

Katika siku hizo kumi na mbili kifua kilimbana mara tano. Mara zote tano Tabibu Desderi alikwenda, akaketi kando yake, akamshika mkono na kuhesabu naye pumzi. Hilo ndilo lililoruhusiwa. Bwana Ndomba alipita kila baada ya siku moja, akasimama mlangoni kwao, akasikiliza, akaandika kitu kwenye kitabu chake. Siku ya tisa alimwambia Mashauri kwamba maendeleo ni mazuri.

*

Tarehe ishirini na moja tuliamka alfajiri. Tulipewa fulana zenye uso wa Waziri kifuani, naye akitabasamu. Nyuma ziliandikwa TUNAPUMUA. Uwanja wa zahanati ulikuwa wa vumbi jekundu, lakini ulikuwa umefagiliwa. Sufuria tatu za pilau zilikuwa jikoni nyuma ya turubai. Ufunguo ulitolewa mfukoni mwa Bwana Ndomba, ukawekwa kwenye sinia lenye kitambaa chekundu, na mgambo wawili wakasimama kuulinda. Sikudhani alikalishwa kwenye kiti cha mbele kabisa, juani, hatua kumi kutoka mlangoni, ili kamera zimpate.

Saa tatu ikafika. Waziri hakufika. Habari zilikuja kwa simu: yuko njiani, anazindua. Saa nne alikuwa kijiji cha pili kutoka mjini, amekuta tuta jipya la barabarani halijazinduliwa. Msafara ulisimama, utepe ukafungwa, ukakatwa, hotuba ikatolewa, ndipo magari yakaruka tuta. Saa tano alikuwa anazindua kibao kinachoonyesha njia ya kuja kwetu. Saa sita alikuwa anapumzika.

Ili tusipooze, Bwana Ndomba aliagiza kwaya icheze. Kwaya ya watu arobaini ilicheza kwa kishindo kwenye vumbi lile jekundu, na baada yake ngoma, na baada yake kwaya tena. Fulana nyeupe ya Sikudhani ikawa ya rangi ya tofali. Saa saba kasoro, filimbi ilisikika katikati ya wimbo. Wengine walidhani ni ya kwenye wimbo.

"Sindano," Tabibu Desderi alimwambia Bwana Ndomba. "Zile mbili. Sasa hivi."

"Ziko ofisini. Kwenye droo."

"Ofisi iko wilayani."

"Ndiyo. Ni salama kabisa."

Mashauri alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. Midomo ya mkewe ilikuwa imeanza kugeuka rangi, na mabega yake yanapanda na kushuka kama ya mtu anayepiga pampu ya kisima kikavu. Alikuwa hasemi. Sikudhani kutosema, hapo hata mtoto angejua.

"Nipeni ufunguo," Mashauri alisema.

"Fundi, ufunguo uko kwenye sinia," Bwana Ndomba alimjibu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Wamekwisha kuvuka mto. Wamepita juu ya daraja, wamelizindua wakipita. Dakika ishirini. Mwambie avumilie dakika ishirini. Mwambie aumwe vile vile, asizidishe."

Mashauri alisimama. Alitia mkono mfuko wa nyuma akatoa bisibisi, ile fupi anayotembea nayo siku zote. Hakwenda kwenye sinia wala kwenye kufuli. Alikwenda upande wa bawaba. Mlango ule aliutundika mwenyewe, bawaba tatu, skrubu kwa nje, kwa sababu ndivyo mchoro wa serikali ulivyoagiza. Aliinama chini ya utepe bila kuugusa, akaanza na bawaba ya chini. Skrubu zikadondoka moja moja kwenye sakafu. Akahamia ya katikati. Utepe haukutikisika hata kidogo. Ilikuwa kazi safi, nasema kama mtu niliyesimama karibu.

Ilipobaki ya juu, mtu akasema, "Fundi anatuharibia."

Hakusema Bwana Ndomba. Lilikuwa neno la mmoja wetu. Na king'ora kilikuwa kimeanza kusikika upande wa soko, na harufu ya pilau ilikuwa imefika, na tulikuwa tumesimama juani tangu asubuhi tukiwa na uso wa Waziri kifuani. Mwingine akasema, watatunyima kila kitu. Mwingine akasema, dakika kumi tu jamani, kweli mtu anashindwa dakika kumi? Tukamwendea. Hatukumpiga. Tulimshika tu, kwa heshima, tukamlaza chini, tukamwambia atulie, mgeni amefika.

Bisibisi ilianguka. Aliyeiokota ni Sista Pelagia. Alipita chini ya utepe mbele ya macho ya Bwana Ndomba, akapindua ndoo ya maji ya kufagilia, akapanda juu yake, akaanza kuhangaika na bawaba ya juu, machozi yanamtoka, anazungusha kwa nguvu zake zote. Mashauri alimwona kutoka chini.

"Kushoto, Sista," alimwambia. "Unaikaza."

*

Waziri alifika saa saba na nusu. Wakati huo Sikudhani alikuwa amehamishiwa chini ya turubai, amefunikwa kanga ya uzinduzi, na Tabibu Desderi ameketi kando yake, amemshika mkono kama zile siku nyingine, ila hahesabu. Kiti cha mbele kilikuwa na Mama Kahabi. Alikuwa amepewa ile kadi.

Mkasi ulikata. Tulipiga makofi, mji wetu haukuitwa hivyo bure. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo, ukaanguka upande mmoja, ukaning'inia kwa bawaba ya juu. Waziri aliusifu kwa ubunifu. Mama Kahabi alivalishwa kikombe usoni, mashine ikanguruma, mvuke ukatoka. Ilikuwa inafanya kazi. Nimekaa miaka mingi nikitamani ingekuwa mbovu, au kasha tupu, tupate la kusema. Ilikuwa nzima. Baada ya dakika kumi Mama Kahabi alisimama kwa mguu wake wenye kidonda akasema kwa mara ya kwanza anapumua.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "kabla ya leo Makofini mlikuwa mnakufa ovyo ovyo. Mtu alijifia tu anapotaka. Kuanzia sasa afya imewafikia. Nimeambiwa, na nimefarijika sana kusikia, kwamba tangu zahanati hii ikamilike hapajatokea kifo hata kimoja ndani yake. Hiyo ni rekodi. Mkailinde."

Na ni kweli, hakufia ndani. Alifia hatua kumi nje, tena kabla ya utepe kukatwa. Sista Pelagia alimwandika daftarini siku ile ile, kwenye ile safu yake ya kawaida: alifika kutazama jengo. Lakini mkono wake haukumaliza mstari, na kesho yake hakuja kazini, wala keshokutwa. Alionekana baadaye wilaya nyingine, anauza vitunguu.

Tulikula pilau. Hilo nalo lisisahauliwe. Mashauri tulimwekea sahani, tukaifunika.

*

Kwa kuwa nchi yetu ni ya haki, iliundwa tume. Tume ilikaa siku tatu chini ya lile turubai, maana chumba cha mikutano cha mji kilikuwa hakijazinduliwa. Ilimhoji Bwana Ndomba, ikamkuta alifuata taratibu zote, akapandishwa kuwa wa mkoa. Ilimhoji Tabibu Desderi, ikamkuta aliomba sindano kwa mdomo badala ya kwa maandishi. Mashauri hakwenda. Alikuwa amefunga karakana. Mlango wa zahanati uliendelea kuning'inia, na kila fundi aliyeitwa kuutengeneza alisema ana udhuru.

Kisha tume ikatuita sisi, mmoja mmoja, ikatuuliza: siku ile, nani alimshika fundi Mashauri?

Tukajibu hatukuona, vumbi lilikuwa jingi. Imeandikwa hivyo kwenye ripoti, ukurasa wa mwisho: vumbi.

Mimi nina ugonjwa wa kutosahau, na hauna zahanati. Mkono wake wa kulia aliushika Kwangaya kinyozi. Wa kushoto aliushika mwalimu wa kwaya. Kiunoni alimkumbatia mzee mmoja wa kanisa, akimwambia, "Pole, mwanangu, pole," bila kumwachia. Mguu wa kulia waliushika wawili, wapagazi wa pale mashineni, vijana ambao Sikudhani aliwapakulia uji kila asubuhi.

Mguu wa kushoto niliushika mimi. Niliushika kwa mikono yote miwili, na ulikuwa na nguvu, ukinirusha huku na huku. Halafu ghafla ukalegea. Nikawaambia wenzangu, mnaona, ameelewa. Alikuwa amegeuza uso kwenye kile kiti.